Pumzi Sita kwa Dakika: Yoga, Makambi na Mwili Uliochoka Gusii

Katikati ya karne ya 20, Mgusii wa magharibi mwa Kenya aliyeteswa na maumivu ya kichwa yasiyoisha, hasa baada ya kupigwa au kuanguka, alijua pa kwenda. Alimwendea omobari, mpasuaji wa vichwa wa kienyeji. Ngozi ya kichwa ilichanwa, fuvu likakwanguliwa taratibu mpaka sehemu ya mfupa ikaondoka, na yote hayo bila nusukaputi ya hospitali. Daktari wa akili Edward Margetts, aliyefanya kazi Kenya miaka ya 1950, aliwachunguza wapasuaji hao na wagonjwa wao, na mwaka 1967 akachapisha aliyoyaona. Kilichowashangaza madaktari wa nje ni kwamba wengi walipona vidonda vyao, na kuna waliorudi kupasuliwa tena.

Kwa hiyo hakuna haja ya kuwaambia watu wa Kisii na Nyamira kwamba kichwa kikikosa kutulia kinaweza kumfanya mtu akubali karibu lolote. Siku hizi kazi ya omobari imekaribia kutoweka. Badala yake kuna vidonge vya maumivu vya Mara Moja vinavyouzwa viwili viwili kwenye duka la jirani, kuna chang'aa, kuna miraa, na kwa mwenye fedha zaidi kuna safari ya wiki moja pwani. Huko Shela kisiwani Lamu, Watamu na Diani, wageni hulipia malazi, chakula chepesi, mkeka na mwalimu wa yoga, wakaamka alfajiri kujinyoosha na kupumua huku simu zikiwa zimezimwa. Matangazo huahidi kwamba siku hizo chache zitatuliza mishipa ya fahamu na kuondoa msongo wa mawazo.

Je, ahadi hiyo ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, ina maana gani kwa mchuma chai wa Kebirigo, mwalimu wa Ogembo au mwendesha bodaboda wa Keroka, ambao hawatafika Lamu?

Jibu linaanzia shambani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba, idadi ambayo kwingineko mtu angeitarajia mjini. Shamba la babu limegawiwa wana, wana wakawagawia wajukuu, na leo mpaka kati ya ndugu wawili waweza kuwa mstari mmoja wa migomba. Kesi za mipaka hazimalizwi na chifu. Juu ya hayo kuna karo, kuna Fuliza na mikopo mingine ya simu inayokatwa kabla mshahara haujaonekana, na kuna bonasi ya chai. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamezoea kusikia kila mwaka kwamba kilo yao imelipwa chini kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya, ingawa wote huchuma majani mawili na chipukizi.

Mwili hauna namna moja ya kuogopa deni na nyingine ya kuogopa chui. Mwaka 1915, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza jinsi tishio linavyoamsha tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini: moyo hudunda haraka, damu hukimbilia misuli, tumbo huacha kusaga chakula, mboni za macho hupanuka. Tishio likiendelea, kortisoli nayo hubaki juu. Mpango huo ni mzuri kwa mtu atakayekimbia dakika tatu kisha apumzike. Ni mbaya kwa anayesubiri hukumu ya kesi ya shamba kwa miaka sita. Huyo halali vizuri, shingo yake inakaza, tumbo linawaka, moyo unaenda mbio, naye akienda kliniki anaambiwa vipimo vyote viko sawa.

Anayeambiwa vipimo viko sawa huku moyo wake ukienda mbio hutafuta maelezo kwingine. Hapa Gusii kutafuta huko kumewahi kumwaga damu. Mnamo Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa na makundi ya watu kwa tuhuma za uchawi, na Oktoba 2021 wanawake wanne wakongwe waliuawa Marani kwa tuhuma hiyo hiyo. Uchawi una historia yake ndefu, na itakuwa utoto kusema kwamba somo la mishipa ya fahamu lingemaliza yote. Hata hivyo, kijana anayejua kwamba hofu yaweza kumfunga mtu kifua, kumtetemesha mikono na kumnyima usingizi ana sababu moja pungufu ya kumnyooshea nyanya wa jirani kidole.

Upande wa pili wa mashine hiyo ya mwili, ule unaotuliza badala ya kuogofya, ndio yoga inaoulenga. Kuna mshipa mrefu wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka shina la ubongo, ukapitia shingoni, ukagusa moyo, mapafu na utumbo. Mwaka 1921 Otto Loewi aliuchochea mshipa huo kwenye moyo wa chura; moyo ukapunguza mwendo, na majimaji yaliyouzunguka yalipohamishiwa kwenye moyo wa chura mwingine, huo nao ukapunguza mwendo. Baadaye alipewa Tuzo ya Nobel. Mtu hawezi kuuamuru moyo wake utulie, lakini pumzi anaiweza, na pumzi na moyo zimefungwa kamba moja: ukivuta hewa moyo huharakisha kidogo, ukiitoa hupungua. Anayerefusha kutoa pumzi anaongeza muda wa vagasi kufanya kazi yake. Misuli iliyonyooshwa polepole kisha ikalegezwa hupeleka ujumbe uo huo kutoka upande mwingine.

Hakuna kitu hapo kinachohitaji bahari. Ndiyo maana swali la kambi ya yoga lapaswa kugawanywa: ni kipi kinachofanywa na mapumziko, na ni kipi kinachofanywa na mazoezi? Elissa Epel wa Chuo Kikuu cha California na wenzake walichapisha mwaka 2016 jaribio lililofanywa katika hoteli moja ya mapumziko jimboni humo. Wanawake 94 walikaa siku sita. Wasio na uzoefu wa kutafakari waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilifundishwa kutafakari na yoga, lingine likala likizo tu kwenye hoteli hiyo hiyo. Wengine walikuwa wazoefu. Siku ya kuondoka wote walijisikia nafuu, hata walioota jua. Miezi kumi baadaye, waliofundishwa walikuwa na dalili chache za huzuni kuliko walioenda likizo tu. Utafiti wa Jessica de Bloom na wenzake wa Uholanzi, uliojumlisha tafiti za awali kuhusu likizo, nao ulikuwa umeonyesha mwaka 2009 kwamba faida ya likizo huyeyuka ndani ya wiki mbili hadi nne baada ya mtu kurudi kazini.

Kwa maneno mengine, anayelipa kwa ajili ya mandhari ananunua wiki mbili hadi nne. Anayerudi na zoezi amepata cha kudumu zaidi, na zoezi halina bei ya hoteli.

Sasa kuna jaribio moja ambalo lingestahili kusomwa katika kila parokia kutoka Nyabururu hadi Nyansiongo. Luciano Bernardi, daktari wa moyo wa Pavia nchini Italia, aliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini na wakikariri mantra ya yoga, akachapisha matokeo mwaka 2001 katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ. Salamu Maria kwa Kilatini, kwa mwendo wake wa kawaida wa kiongozi na waitikiaji, ilipunguza pumzi hadi karibu sita kwa dakika. Mantra ilifanya vivyo hivyo. Kwa mwendo huo, pumzi na mawimbi ya asili ya shinikizo la damu hukutana, na mishipa hurekebisha presha kwa wepesi zaidi. Bibi wa Kikatoliki anayeshika rozari yake jioni huenda amekuwa akifanya, bila mkeka wala mavazi ya kubana, jambo ambalo wengine hulipia safari ya ndege.

Wakatoliki ni wengi Gusii, lakini Waadventista wa Sabato ndio walioupa mwaka wa eneo hili pumziko la kudumu. Wamisionari wao, wakiongozwa na Arthur Carscallen, walifika Gendia kando ya ziwa mwaka 1906, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikuwa wamefungua Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii. Tangu hapo jua la Ijumaa likitua, jembe hulazwa. Majani ya chai yanasubiri. Biashara inafungwa mpaka jua la Jumamosi lizame. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Agosti shule zikiwa zimefungwa, huja makambi: makanisa jirani hukusanyika kwa takriban wiki nzima, mahema yanasimamishwa, kwaya zinapokezana, wahubiri wageni wanaalikwa, na mara nyingi kuna kipindi cha afya.

Ukiyatazama kwa jicho la mtaalamu wa mishipa ya fahamu, makambi yana karibu kila kitu kilicho kwenye tangazo la Lamu: kuondoka kwenye kazi, ratiba moja kwa wote, mboga nyingi, pombe hakuna, na kuimba. Kuimba si pambo. Mwaka 2013 Björn Vickhoff na wenzake wa Gothenburg, Uswidi, walionyesha kwamba wanakwaya wanapoimba pamoja mioyo yao huanza kupanda na kushuka kwa pamoja, kwa kuwa mistari ya wimbo ndiyo inayoamua lini wavute hewa na lini waitoe. Wimbo wa taratibu wenye mistari mirefu ni zoezi la pumzi lililovikwa sauti nne.

Lakini si kila kinachofanyika makambini kinatuliza. Kesha huiba usingizi, na usingizi ndio dawa ya kwanza ya msongo. Vipaza sauti vikifunguliwa hadi mwisho, masikio hayapumziki. Kibaya zaidi, pumziko hili halimfikii kila mtu sawasawa. Ijumaa alasiri, ili nyumba nzima ipumzike, mama hukimbia: anapika cha leo na cha kesho, anafua, anapiga pasi, anaogesha watoto, anateka maji. Akifika Sabato amechoka kuliko alivyokuwa Jumatano. Wakati wa makambi ndiye aliye jikoni wakati mhubiri anaposema juu ya amani ya moyo. (Jambo la kuchekesha kidogo: maelfu ya Waadventista wa Nyamira huishi kwa chai, zao ambalo mafundisho ya kanisa lao yanawashauri wasilinywe, kwa sababu ya kafeini yake. Kwa mwenye moyo unaodunda usiku, ushauri huo una maana ya kitabibu.)

Neno yoga lenyewe huzua mashaka. Wahubiri wengi wa Kiadventista na wa Kipentekoste huonya kwamba ni ibada ya Kihindu iliyovaa suti ya mazoezi. Wasiwasi huo si upuuzi. Yoga ilizaliwa ndani ya dini na falsafa za India, na UNESCO ilipoiorodhesha mwaka 2016 miongoni mwa urithi wa utamaduni usioshikika iliitambua kama urithi kutoka India. Mtu mzima ana haki ya kukataa mantra asiyoielewa. Ila kurefusha pumzi si mali ya dini yoyote. Herbert Benson wa Harvard, aliyewapima watu waliokuwa wakitafakari, aliandika mwaka 1975 kwamba mwili hutulia pale mtu anaporudia neno, sala au sauti fulani na kuziachia fikra nyingine zipite bila kuzifuata. Neno hilo aliliacha kwa mwenyewe kuchagua. Mgusii anaweza kuchagua mstari wa Zaburi kwa Ekegusii, na mapafu yake hayatalalamika.

Kenya ina mfano wa kuiteremsha yoga kutoka hotelini. Mmarekani Paige Elenson alikuja nchini kama mtalii, akakutana na vijana wanasarakasi, akaanza kuwafundisha. Mwaka 2007, pamoja na mwalimu Baron Baptiste, aliasisi Africa Yoga Project jijini Nairobi. Mradi huo umefunza mamia ya walimu, wengi wakiwa vijana wa mitaa duni, ambao hupeleka madarasa mashuleni, gerezani na vituoni bila malipo kwa mhudhuriaji. Mtu aweza kubishana nao kuhusu fedha za wafadhili na kama kazi hiyo ingesimama bila wao. Jambo moja halibishaniwi: mradi umeonyesha kwamba kijana wa Kibera hufundishwa na kijana wa Kibera, na mkeka hauhitaji bwawa la kuogelea kando yake.

Gusii ina mtaji wake. Risaga, kazi ya pamoja ya kusaidiana mashambani, ilikuwa pia mahali pa kupumua: watu walilima wakiimba, wakala, wakacheka. Kuna chinsoni, kanuni za staha kati ya mzazi na mwana, ambazo humzuia baba kumwambia mwanawe kwamba usiku hapati usingizi. Kanuni hizo hizo zinamwachia mjukuu na nyanya uhuru wa kutaniana na kuambiana siri. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alijenga juu ya uhuru kama huo. Kuanzia mwaka 2006, huko Mbare, aliwafunza wanawake wazee kuketi benchini na kuwasikiliza wenye mawazo mengi, na jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha waliosikilizwa walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hao hawakuwa madaktari. Walikuwa akina nyanya waliofunzwa.

Gusii pia imechangia elimu ya kutuliza bila kujua. Robert na Barbara LeVine walikaa hapa miaka ya 1950, wakaandika kitabu Nyansongo, kilichotoka mwaka 1966. Miaka ya 1970 Robert LeVine alirudi na Sarah LeVine na timu ya watafiti, wakawalinganisha akina mama wa Gusii na wa Boston. Mama wa Boston alimsemesha mtoto, akamchekesha, akamchangamsha. Mama wa Gusii alimshika, akamnyonyesha upesi alipolia, akalala naye. Alichotaka ni mtoto atulie. Watafiti hawakuwa wakisema nani ni mama bora, ila kitabu chao cha 1994, Child Care and Culture, kiliwafunza wengi kwamba kutuliza ni ujuzi unaoweza kuwekwa mbele na jamii nzima. Ujuzi huo upo. Mtu mzima ndiye aliyeachwa nje yake.

Mipaka ya haya yote isemwe wazi. Pumzi haitalipa deni la simu wala kusogeza mpaka wa shamba. Mwenye presha ya juu asiache vidonge vyake kwa sababu amejifunza kupumua. Anayesikia sauti, anayewaza kujiua, au aliyelemewa na huzuni wiki baada ya wiki anahitaji hospitali. Kamati iliyoongozwa na daktari Frank Njenga ilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Aidha, kukaa kimya siku nyingi, kama ilivyo kwenye baadhi ya kambi za kutafakari, kunaweza kumrudisha mtu kwenye jeraha badala ya kumtuliza. Waliopitia moto wa vurugu za baada ya uchaguzi huko Chepilat na kwenye mpaka wa Borabu na Sotik mapema mwaka 2008 wasifungiwe kwenye ukimya wa siku kumi na mwalimu asiyejua walichokiona. Kwao ni heri zoezi fupi, macho wazi, mlango wazi, na jirani wanayemwamini kando yao.

Yanayobaki ni ya kupangwa, na si ghali. Ukingo wa Manga una nafasi na hewa ya kutosha kwa kambi ya siku mbili ya walimu au wachuma chai, wakilala kwenye mabweni ya shule wakati wa likizo. Kamati za makambi zinaweza kuwapa wanaume zamu jikoni, kufupisha kesha, kupima presha kwenye hema la afya, na kufundisha zoezi moja tu: kaa, legeza mabega, vuta hewa puani kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, kwa dakika tano. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti mwaka 2023 kwamba dakika tano kila siku kwa mwezi mmoja, hasa kwa kurefusha kutoa pumzi, ziliinua hali ya moyo ya washiriki. Kozi ya kupunguza msongo ya Jon Kabat-Zinn, aliyoianzisha Massachusetts mwaka 1979 na ambayo imeigwa hospitalini duniani kote, huchukua wiki nane. Kutoka katikati ya Agosti, makambi yanapokunjwa, hadi katikati ya Oktoba ni zaidi kidogo ya wiki nane. Wahudumu wa afya ya jamii wangeweza kupita nyumbani kila wiki kuuliza nani bado anaendelea, na zoezi lingekuwa limeshika mizizi wakati fedha za bonasi zinapoingia, karo na madeni yanapozigombania, na nyumba nyingi za Kisii na Nyamira zinapoanza kugombana.